UZI: Gari kuukuu la zimamoto – pampu kwanza, rangi mwisho (Mombasa)

FundiTudor (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mjadala wa Land Rover nikawa naukwepa, maana nilijua utaleta mabishano. Basi na yaje.

Tuko kikundi kidogo hapa Mombasa: mafundi wa gereji, fundi mmoja wa majahazi, wazee waliostaafu zimamoto, na vijana wa chuo wanaokuja Jumamosi. Hakuna anayelipwa. Tumepata gari la zimamoto, Bedford TK, lori la Kiingereza, lililokaa kwenye yadi mpaka majani yakaota kwenye sakafu ya kabini. Nia yetu ni lisimame mahali ambapo watoto wa shule watalipanda, wapige kengele, waone maji yakiruka. Makumbusho ya zimamoto, ukipenda kuyaita hivyo, hata yakianzia kwenye banda la mabati.

Mabishano yalianza gari halijashushwa. Vijana wanataka rangi. Nyekundu, ing'ae, picha zipigwe, watu waone kazi inakwenda. Mimi nasema rangi ni ya mwisho kabisa na pampu ndiyo ya kwanza.

Gari la zimamoto si lori lenye ngazi juu. Ni pampu iliyopewa magurudumu ili iufikie moto. Injini ya hili letu, petroli, silinda 6, lita 4.9, ina kazi mbili. Ya kwanza kulifikisha gari. Ya pili, gari likishasimama, kuizungusha pampu kupitia gia ya pembeni, mambo yaleyale ya kuinua tipa. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayoichosha injini. Usidanganywe na kilomita za dashibodi: zinaweza kuwa chache ukachekelea kwamba umepata gari bichi, kumbe injini imenguruma masaa na masaa palepale ilipo, bila upepo wa mwendo wa kuipoza. Ndiyo sababu magari mengi ya aina hii yana kipoza cha ziada. Maji ya pampu hupitishwa kwenye mirija iliyozungukwa na maji ya rejeta, yakachukua joto na kwenda zake. Mirija hiyo ikitoboka, maji ya nje yanaingia kwenye injini. Sasa waza hayo maji ya nje yalikuwa ya bahari.

Halafu kuna uzito. Magari mengi ya namna hii yalibeba galoni 400 za Kiingereza, yaani lita 1,800 na ushei. Lori la mizigo hushusha likapumzika. Hili linabeba karibu tani 2 usiku na mchana, likingoja simu. Springi zake zimechoka kwa kusimama, si kwa kutembea. Tangi nalo lina viambaza ndani, vya kuzuia maji yasihamie upande mmoja kwa pamoja gari linapokata kona. Vya kwetu vilikuwa vimeliwa na kutu, ukivishika vinakubakia mkononi. Gari likitembea na tangi limejaa nusu bila viambaza, kona moja ya kasi inatosha kulilaza. Nje hapo unaweza kupaka rangi upendavyo, hutaliona hilo.

Sasa pampu yenyewe. Ni ya kuzungusha: ndani kuna gurudumu la shaba lenye mapezi linalorusha maji nje kwa kasi. Likishika maji, hiyo ni kazi. Likishika hewa tupu, linazunguka bure. Kwa hiyo pana kifaa kingine kidogo cha kutoa hewa kwanza. Wengi wanadhani pampu huvuta maji. Haivuti. Unachofanya ni kuitoa hewa ndani ya mpira wa kufyonzea, kisha hewa ya nje, ile inayoukandamiza uso wa kisima au wa bahari, ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Na hewa hiyo ina kiwango chake: kwenye usawa wa bahari itayapandisha maji mita 10.3 hivi, basi, hata ufunge injini ya meli. Kwa kazi ya kweli, ukihesabu msuguano na mivujo, ni 7 na kitu. Lipeleke gari hilohilo Nairobi, kule juu ya mita 1,700, na ile 10 inakuwa 8 na kidogo. Kwa hili watu wa pwani tumependelewa.

Jaribio lake halina gharama. Unafunga kila mlango wa pampu, unatoa hewa mpaka sindano ya geji ishuke, unazima, unatazama. Sindano ikirudi mbio, kuna mahali panapumua. Kupatafuta ndiko kunakochosha. Sisi hutia maji pampuni kwa presha, kwa sababu panapoingia hewa ndipo panapotokea tone. Mara nyingi ni koki za kumwagia maji, au washa za mpira kwenye maungio, au gilandi ya shafti, yaani kizibo cha kamba pale shafti inapoingia pampuni. Ya kwetu tulipoifungua, ile kamba ya grafiti ilikuwa imekauka na kushikana na shaba, ikatolewa kwa ndoano nyembamba, kipande kwa kipande, imelowanishwa muda wote. Kamba nyingi za enzi zile zilikuwa na asbesto. Usizikwangue kavu, wala usipulize kwa kompresa.

Haya. Karibuni mnishambulie.

---

MtotoWaKisauni

Bro, heshima kwa kazi, lakini hebu tuongee ukweli. Petroli lita 4.9, kabureta, spea za kuagiza. Toa hiyo injini, weka dizeli ya Isuzu, vyuma vyake vimejaa kila duka la spea kuanzia Mwembe Tayari. Gari litembee lenyewe kwenye maonyesho badala ya kukokotwa. Nani atafungua mlango aangalie injini?

---

FundiTudor

Nilijua mtu wa Isuzu atafika, sikujua atafika wa kwanza.

Kwanza, kwenye TK hufungui boneti. Injini imekaa nyuma ya viti, unaifikia kwa vifuniko vya pembeni nyuma ya milango. Mtoto yeyote atakayelizunguka gari ataiona, na ni moja ya mambo yaliyoifanya TK iwe TK.

Pili, na hili ndilo zito, pampu ilipangiwa gia kulingana na mizunguko ya injini ile. Presha ya pampu ya kuzungusha haishuki sawasawa na kasi, inashuka kwa mraba wake. Punguza mizunguko kwa robo na presha inaondoka karibu nusu. Ukiweka dizeli nzito inayozunguka polepole, maji yatatoka, ndiyo, lakini yatatoka ya kumwagilia mchicha.

Tatu, kuna magari ambayo injini ndiyo hadithi yenyewe. Dennis F12 za miaka ya 1950, zilizotengenezwa Guildford, zilikuja na Rolls-Royce B80, silinda 8 zimepangwa mstari mmoja. Itoe hiyo, umebaki na bodi nyekundu.

Nitakupa haki kidogo. TK ziliuzwa pia na dizeli ya Bedford wenyewe. Mtu akikuta dizeli hiyo, akaifunga kwa boliti zilezile bila kukata chasisi, na petroli ya asili akaiweka kwenye stendi pembeni na kibao chake, sitampigia kelele. Kukata chasisi ndiyo sitaki kusikia.

---

TangaRaha

Wakuu, uzi bila picha! Nimepiga kambi hapa, lakini picha.

Mimi nipo Tanga. Kwenye shamba moja la mkonge huku kuna pampu ya zimamoto ya kukokota kwenye tela, imeandikwa Coventry Climax. Haina kazi, kuku wanalala juu yake. Ina thamani au nimwache kuku?

---

FundiTudor

TangaRaha, picha zitakuja, mitandao ya hapa unaijua.

Mwondoe kuku leo! Coventry Climax walikuwa na pampu zao za Godiva, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitengeneza injini nyepesi ya pampu ya kubebeka, iwe rahisi kwa wazimamoto kuibeba kwa mikono. Watu wa magari ya mashindano wakaiona: alumini, nyepesi, ina nguvu kuliko umbo lake. Ikafanyiwa kazi kidogo ikaingia mashindanoni ikiwa na sentimita za ujazo 1,097, na kiwanda hichohicho cha pampu na foko lifti baadaye ndicho kilichotoa injini zilizompa Jack Brabham ubingwa wa Formula 1 akiwa na Cooper mwaka 1959 na 1960. Hiyo ya kuku inaweza kuwa ya kabla ya hapo, nyingi za tela ni za wakati wa vita na zilikuwa nzito. Soma kibao cha namba kwenye injini kabla mtu wa vyuma chakavu hajakisoma.

---

MzeeWaKingora

Wanangu, salaam. Mimi nimestaafu zimamoto, sitasema kituo gani. Fundi kasema kweli kuhusu pampu, nami niongeze la bahari, maana yeye ni fundi wa magari na mimi nilikuwa wa maji.

Mombasa ni kisiwa, kwa hiyo kila mgeni huuliza mbona mnalia maji hakuna. Mabomba yetu ya kuzimia moto mara nyingi yalikuwa makavu. Maji ya mji huu hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Marere, Baricho, na hayautoshelezi mji. Basi ukiwa na moto karibu na ufuo, macho yanakwenda baharini. Lakini bahari haisimami pamoja. Kwenye bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana, kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu ni zaidi ya mita 3. Ukienda ukingoni maji yamejaa, pampu inakunywa bila taabu. Rudi palepale baada ya masaa sita: maji yamekimbia, karibu nusu ya ile mita 7 ya Fundi imeliwa, na chujio lako limelala kwenye matope. Sisi tulikuwa tunajua tarehe za mwezi kuliko wavuvi. Dereva aliyekuwa haulizi kama ni bamvua au maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, tulikuwa hatumwachi peke yake na pampu.

Na ukishatumia maji ya chumvi, hulali. Unarudi kituoni unapitisha maji matamu kila mahali: pampu, mipira, koki, kile kipoza, na chini ya gari pia. Sehemu za shaba huvumilia. Shida ni pale shaba inapokutana na alumini kwenye maji ya chumvi. Alumini inaliwa upesi, inaanza kuota unga mweupe. Kwa hiyo vijana wakitaka kulionyesha gari ufukweni, sawa, lakini na bowza la maji matamu liwepo.

La mwisho. Kwenye magari hayo mtakuta vile vizima moto vidogo vya shaba vya kupampu kwa mkono, Pyrene. Vinapendeza, watu hupenda kuvisugua na kuviweka sebuleni. Ndani huwa na kaboni tetrakloridi. Ni sumu kwa kuivuta tu, na ikimwagwa motoni inatoa gesi ya fosjini, ile iliyoua askari kwenye vita vya kwanza vya dunia. Ukikitikisa ukasikia maji, usikipampu, usikifungue. Kaweke nje penye hewa, tafuta watu wa kemikali. Na vile vikubwa vya kupindua, vya asidi na soda, msivijaze kwa maonyesho. Vyuma vyake vimezeeka, vinaweza kupasuka mkononi.

---

MtotoWaKisauni

Shikamoo Mzee. Hapo kwa Pyrene umeniokoa, kipo kimoja kwa shangazi juu ya kabati la vyombo.

---

MzeeWaKingora

Marahaba. Kiteremshe leo, tena polepole.

---

BintiMvita

FundiTudor, nakubaliana nawe nusu, nusu nyingine nakuja nayo.

Umesema pampu kwanza. Kwenye kazi ya kuhifadhi vitu vya kale, cha kwanza si spana kabisa. Ni kupiga picha na kuandika. Kila boliti, kila kibao, kila alama ya mkono wa mtu. Ile kamba ya gilandi mliyoichomoa, mliweka kipande kwenye mfuko wa plastiki na tarehe? Koki zilikuwa zimefungwa au zimefunguliwa mlipolipata? Hilo peke yake linaeleza gari lilitumikaje mara ya mwisho.

Rangi nayo. Wewe unaiweka mwisho kana kwamba lazima ifike. Kwa nini lazima? Chini ya hiyo rangi iliyobabuka kunaweza kuwa na nyingine, na nyingine, na maandishi ya Manispaa ya zamani. Chukua msasa wa maji, namba nyembamba, mahali pasipoonekana sana, sugua duara dogo mpaka chuma, halafu panua taratibu. Utapata pete za rangi, kila pete enzi yake. Nyekundu halisi mara nyingi hupatikana nyuma ya bano la kengele au chini ya kibao, ambako jua halikufika. Na msasa uwe wa maji kweli, barakoa usoni: rangi za miaka ile zilikuwa na risasi, na vumbi lake linaingia kwa watoto wenu kupitia nguo mnazorudi nazo nyumbani.

Sasa chumvi. Wote mnajua hapa kwetu chuma hakidumu, lakini naona watu wanakwangua kutu, wanapiga praima, wanapaka rangi ya duko, na mwaka ujao malengelenge yameota. Chumvi imeshaingia ndani ya kutu, huitoi kwa brashi ya waya. Ni tatizo lilelile walilokutana nalo waliohifadhi vyuma vya Santo António de Tanná, ile meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Chuma kilichokaa baharini ukikikausha tu, kinapasuka mbele ya macho yako. Kinalowekwa muda mrefu kwenye maji ya alkali mpaka chumvi itoke.

Kwa vipande vidogo vya gari mnaweza kufanya hivi nyumbani. Pipa la plastiki, maji matamu, soda. Soda ya Ziwa Magadi inafaa, lakini nunueni ile iliyosafishwa ya viwandani, si mawe ya magadi ya kupikia maharagwe, hayo huwa na chumvi nyingine ndani. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida cha kutupa. Si stenlesi, jamani. Stenlesi inatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Fanyeni nje, maana hewa inayotoka ni haidrojeni na cheche moja inatosha. Alumini isiingie humo kabisa, itayeyuka. Wala msitie springi au boliti za chuma kigumu, zinaingiwa na haidrojeni zinakuwa kavu, siku moja zinakatika bila kuaga.

---

FundiTudor

Binti Mvita, kamba ipo kwenye mfuko. Koki mbili zilikuwa wazi, moja imefungwa, zimeandikwa. Hapo huniwezi.

La rangi tumelijadili jana usiku barazani mpaka kahawa ikaisha. Tumeshajaribu hiyo ya duara nyuma ya bano la kengele, kwa sababu yako. Nyekundu ya juu ina rangi ya chungwa kidogo, halafu praima ya kijivu, halafu nyekundu iliyokoza, halafu praima nyingine, chuma. Kwenye mlango wa kushoto, ukimulika tochi kwa ubavu, yanaonekana makovu ya herufi. Vijana wamenyamaza kidogo kuhusu duko. Mlango huo hautaguswa. Mingine bado nabishana, kwa sababu sakafu ya kabini imeliwa na lazima niweke bati jipya, na bati jipya bila rangi hapa Mombasa halimalizi mvua za masika.

Nasimama palepale lakini: gari hili likiwa na rangi zake zote za asili na pampu iliyokufa, mtoto ataona kabati kubwa jekundu.

---

TangaRaha

Mkuu na bodi je? Nasikia za zamani zina mbao ndani. Ulisema mna fundi wa majahazi, nikadhani unatania.

---

FundiTudor

Sitanii. Bodi nyingi za zimamoto za Uingereza za enzi hizo zilijengwa kwa fremu ya mbao, mti wa ash, halafu bati au alumini ikapigiliwa juu. Ash unanyumbulika, gari likijipinda barabarani fremu inajipinda nalo. Ila kwa mchwa na unyevu wa pwani, hana ubavu. Yetu, nguzo ya nyuma karibu na sanduku la mipira, ulikuwa unaingiza bisibisi mpaka kwenye mpini.

Mafundi wa gereji walitaka kuweka paipu za mraba na kuchomelea. Yule mzee wa majahazi akalizunguka gari, akagonga kila nguzo kwa kidole, akatia alama ya chaki. Kisha akasema hapa kazi ni ya mbavu za jahazi, chuma kitakuja kupasua bati. Na kweli, fremu ya chuma ikiwa ngumu kuliko chasisi, nyufa huanzia kwenye pembe za milango. Amechonga nguzo za mvule kwa tezo, ameziunga kwa kuchongea ulimi na mfereji, si kwa misumari. Amepunguza unene pale ambapo hakuna mzigo. Mbambakofi aliukataa, mgumu mno. Kati ya mbao na alumini tumeweka kitambaa kilichopakwa rangi nzito, zisigusane. Nilitamani aweke na sifa, mafuta ya papa, akanitazama akaniuliza kama wageni wa makumbusho watakuja na pua zao.

---

PwaniJangwani

Nawasalimu kutoka Arizona, mzaliwa wa Likoni. Huku Phoenix kuna makumbusho ya zimamoto, Hall of Flame. Ukiingia utapotea siku nzima. Yalianza na mtu mmoja, George Getz, ambaye mkewe alimpa zawadi ya Krismasi mwaka 1955: gari la zimamoto, American LaFrance la 1924. Wengine hupewa soksi. Makumbusho yakafunguliwa Wisconsin mwaka 1961, baadaye yakahamia huku jangwani. Nilichojifunza kwa kuwatazama wanaojitolea huku, wengi wao wazimamoto wastaafu, ni kwamba hawana haraka. Gari moja linaweza kukaa limefunguliwa muda mrefu na hakuna anayeona aibu.

Kwa mnaopenda pampu, tafuteni picha za Ahrens-Fox, zilitengenezwa Cincinnati. Mbele kabisa ya gari pana pampu ya pistoni na juu yake mpira mkubwa wa chuma unaong'aa. Watu hudhani ni pambo. Pistoni husukuma maji kwa mishindo, bomba linaruka mikononi mwa mtu. Ndani ya ule mpira mna hewa: mshindo ukija inabanwa, ukipita inasukuma, maji yanatoka sawasawa. Na pampu ya pistoni inajitolea hewa yenyewe, haihitaji kile kifaa cha Fundi.

Ila msione wivu sana. Huku hewa ni kavu, gari likikaa nje kutu inachelewa. Chumvi yenu hapana.

---

MzeeWaKingora

Nimekumbushwa jambo na picha hizo. Vijana waelezwe pia kwa nini yale magari ya zamani zaidi, ambayo watu wanakaa nje kwa kuelekeana, yaliachwa. Mtindo ule ulipewa jina la Braidwood, yule mkuu wa kikosi cha London aliyeangukiwa na ukuta Tooley Street mwaka 1861. Unakaa ubavuni, unashika reli, gari linakata kona, na wewe bado unafunga vifungo vya koti. Watu walianguka wakafa kabla hata ya kuuona moto. Ndipo miaka ya 1930 wakaanza kuwafunika. Mkipata gari la namna hiyo siku moja, msiwabebe watoto juu yake kwenye maandamano. Lisimame, wapande, washuke.

---

MtotoWaKisauni

Swali la pesa, kwa sababu hakuna anayeliuliza. Shaba iliyo kwenye pampu hiyo na yale maungio inajulikana bei yake. Mnalalaje?

---

FundiTudor

Hatulali vizuri. Maungio na nozeli havikai kwenye gari, viko nyumba tofauti tofauti. Kengele iko kwa mama wa mtu, sitasema nani. Kila kipande kimegongwa namba upande wa ndani na kupigwa picha. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni na aweke rekodi ya aliyemuuzia, na mnakumbuka Januari 2022 biashara yote ilipigwa marufuku kwa muda baada ya nguzo na nyaya za umeme kukatwa. Lakini shaba ikishayeyushwa haina namba. Koki moja tulishaipoteza. Iliondoka Ijumaa watu wakiwa msikitini.

---

KaraniWaMvita

Mimi si wa magari, ni wa makaratasi. Mmelipata gari mikononi mwa mtu binafsi, hongera. Ila yale yaliyoko bado kwenye yadi za umma, msisubiri mnada mkashindane na watu wa vyuma. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataja njia kadhaa za kuondoa mali, na mnada ni moja tu. Nyingine ni kuihamishia taasisi nyingine ya umma. Kwa hiyo kama Makumbusho ya Taifa watakubali kulipokea, gari linaweza kutoka yadi kwenda makumbusho bila nyundo kugongwa, na nyie mkawa mafundi wa kujitolea wa kulihudumia. Mtakosa hati ya umiliki, lakini mtapata ulinzi, paa, na mtu wa kuwaandikia barua. Nairobi Makumbusho ya Reli yapo tangu 1971 na injini za treni zimesalia, kwa sababu zilibaki mikononi mwa wenye reli. Andikeni barua kabla ya kamati ya kuondoa mali kukaa, si baada.

---

BintiMvita

Karani, hii ingekuwa uzi wake peke yake. Naomba uufungue.

---

KaraniWaMvita

Baada ya mwisho wa mwezi, sasa hivi nimezama kwenye hesabu.

---

TangaRaha

Fundi, nimemwondoa kuku. Ni Godiva, na inazunguka kwa mkono! Nimeitia maji, kwenye shafti inadondosha tone, tone. Nikaze nati za gilandi mpaka ikauke?

---

FundiTudor

Usithubutu. Gilandi ya kamba inatakiwa idondoshe, hayo matone ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Ukiikaza ikauke, kamba itaungua na shafti itachimbika mfereji, na kujaza shafti hiyo ni gharama kuliko pampu. Kama inamwaga mfululizo, kaza nati zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo kila upande ili kifuniko kisiende pogo, zungusha shafti kwa mkono usikie kama imekuwa nzito, ngoja, tazama. Matone yakihesabika, acha hapo. Na kabla hujaiwasha, fungua ile koki ya chini kabisa uone kama kuna kiota.